Kumsomesha Mtoto Nyumbani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, leo twazungumza na wazee walioko milimani Mbinga, na wale wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tangu Lituhi na Liuli hata Mbamba Bay. Huko Waislamu ni wachache, wala si kila kijiji kina chuo. Mzazi huuliza: je, nimsomeshe mwanangu mwenyewe nyumbani? Naam, tena ni wajibu wako. Lakini somo la nyumbani halimtoi mtoto shuleni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimlazimu mzazi kumwandikisha shule mtoto aliyefikisha miaka 7, na wajibu wa kumpeleka mtoto shule ungalipo. Umri huo huo wa miaka 7 ndio Mtume (S.A.W.) aliouagiza watoto waanze kuamrishwa sala. Hatuoni sababu ya kuyagombanisha mambo hayo mawili. Mwenye kumzuia mtoto shule kwa kisingizio cha dini, kisha akamtuma kuchuma kahawa mchana kutwa, hakumpa dini wala elimu.

Nini kitangulie? Tazameni mpangilio wa Luqman alipomuusia mwanawe, katika sura yenye jina lake, aya ya 13 hadi ya 19. Alianza na kumpwekesha Mungu; akamjulisha kwamba hata kilicho na uzito wa chembe ya hardali hakifichiki Kwake; ndipo akaja kwenye sala na subira, na mwisho kabisa mwendo na sauti. Wengi wetu huanzia mwisho: twamkemea mtoto kwa kelele zake, na kwa sauti kubwa kuliko yake!

Wazee wa Kimatengo hawafundishi ngoro kwa hotuba. Nyasi hufyekwa zikapangwa miraba, udongo ukafukiwa juu yake, yakabaki mashimo yazuiayo mvua isiuchukue udongo wa mlimani. Na mtoto huijua kazi hiyo kwa kuwapo shambani. Sala nayo ni vivyo hivyo. Asimame kando yako, aone unavyotawadha, asikie Alhamdu ikisomwa taratibu. Herufi za Kiarabu ni 28: kwa mbili kila siku, atazipitia zote katika wiki mbili. Mzazi asiyezijua asione haya kuketi pamoja na mwanawe mbele ya mwalimu.

Umebaki wakati. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, kwani taa ndizo ziwavutazo dagaa. Mbalamwezi ikitanda, kazi hupungua. Usiku huo baba asomeshe. Siku za giza mama alishike somo baada ya Alasiri, mtoto akiisha kutoka shule na kula. Nusu saa yatosha. Msimu wa kahawa ukifika, na iwe robo saa, ila isikatike.