Skii Pana na Theluji ya Unga: Swali la Mfasiri wa Madale

Mfasiri mmoja akaaye Madale, katika Wilaya ya Kinondoni, alipewa kazi ya kutafsiri mwongozo wa kuchagua skii, uliokusudiwa vijana wa Afrika ya Mashariki waajiriwao katika hoteli za milimani huko Ulaya. Penye onyo moja aliandika: "Usipite hapa bila kujua hali ya maporomoko." Jirani aliyemsomea kazi hiyo alimwuliza kama mlimani pale pana mto. Mfasiri akatuletea swali, nasi twaona lastahili kujibiwa kwa urefu kidogo.

Kwa msomaji wetu maporomoko ni ya maji kwanza, kisha ya ardhi. Jambo lililokusudiwa ni tabaka la theluji ling'okalo mlimani na kushuka kwa kasi, likimfukia kila aliye njiani. Hapana budi basi jina liandikwe kamili kila mara: poromoko la theluji. Kulifupisha ni kumpeleka msomaji kwenye hatari asiyoitambua.

Wako watakaosema kwamba mambo haya hayatuhusu. Lakini mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walitumia skii kuteremka Kilimanjaro, na mojawapo ya mabarafu ya Kibo ingali ikiitwa kwa jina la Furtwängler, ijapokuwa zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya mlima ule imekwisha kutoweka tangu mwaka huo. Mwaka 1998 Philip Boit wa Kenya alishiriki mbio za kilomita 10 katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngojea ili kumpongeza. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika mashindano ya mteremko huko Pyeongchang, Korea ya Kusini.

Skii za Boit zilikuwa nyembamba, kwa kuwa alipita katika njia iliyokwisha shindiliwa. Atokaye nje ya njia hizo hukuta theluji ya unga, yaani theluji mpya, kavu na nyepesi, ambayo mguu huzama ndani yake. Mfasiri wetu alikuwa ameandika "poda", maana Kiingereza hutumia neno moja kwa poda ya uso, kwa baruti na kwa theluji hii. Kiswahili hakina haja ya kuufuata mkanganyiko huo. Unga twaujua sote.

Kazi ya upana ni rahisi kueleza. Endesha baiskeli katika mchanga mkavu wa ufuko wa Kunduchi: gurudumu jembamba huzama, bali nyayo za ngamia hazizami sana. Uzito ni ule ule, ila umetandazwa juu ya eneo kubwa zaidi. Ndivyo skii pana inavyoelea juu ya unga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Shane McConkey, akichukua mfano wa skii za majini, alibuni skii pana iliyopinda juu mbele na nyuma kama chombo cha bahari, na wengi wakamfuata.

Na kwa kuwa ni mfano wa chombo, majina tunayo. Ncha ya mbele na iitwe omo, na ya nyuma tezi. Wengine watashawishika kuita sehemu ya kati ngama, kwa kuwa methali yatuonyesha ngama baina ya tezi na omo. Lakini ngama ni mahali pa maji ya chini ya chombo, na skii haina tumbo. Kiuno chafaa zaidi. Kingo za chuma ni makali, kama ya kisu. Kitendo chenyewe kisiitwe kuteleza, neno linalodokeza ajali au kosa, bali kuserereka.

Kiuno hupimwa kwa milimita. Kwa njia ngumu zilizoshindiliwa, 65 hadi 80 zatosha. Kwa mchanganyiko, 90 hadi 100. Kwa unga wa kina kirefu, 105 hadi 120 au zaidi. Aendaye kwenye milima mikubwa asidanganywe na upana peke yake. Huko upepo huishindilia theluji ikawa ngumu kama sakafu, na mwendo ni mkali. Hivyo huhitaji skii ndefu, ngumu, isiyopinda mno. Juu ya barafu skii pana huchelewa kugeuka toka kali moja hadi jingine, na magoti ndiyo yalipayo gharama. Hapa mfasiri asichanganye theluji na barafu, ingawa mazungumzo yetu huvichanganya kila siku.

Wala upana haumkingi mtu na poromoko la theluji. Mengi hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ile ile ipendwayo na wasererekaji. Kila mmoja huchukua chombo cha redio cha kutafutiwa chini ya theluji, ufito wa kuchomea na sepetu, wala haendi peke yake. Sentensi ya Madale sasa yasomeka hivi: "Usiserereke hapa kabla ya kusoma taarifa ya leo ya hatari ya poromoko la theluji."