Betri na Paneli ya Jua: Vyanzo Viwili vya Umeme Visivyofanana Tabia

Katika Kaunti za Migori na Homa Bay, ambazo zamani zilikuwa sehemu ya Wilaya ya South Nyanza, watu wengi siku hizi hujipatia umeme wao wenyewe. Paneli za jua huonekana juu ya mabati ya nyumba na maduka. Kwenye fuo za Mbita, Rusinga na Mfangano, wavuvi wengi wa omena, ambao zamani walitegemea karabai kuwavuta samaki usiku, sasa huingia ziwani na taa za betri. Faida yake ni kubwa. Lakini mtu aufungaye umeme bila kujua tabia yake aweza kuharibu betri ya maelfu ya shilingi, au hata kuchoma nyumba. Basi yafaa kila mwenye vyombo hivyo ajue kwamba vyanzo vya umeme ni vya namna mbili, na kwamba kila namna ina hatari yake na matunzo yake.

VOLTI NA AMPEA

Msomaji na afikiri kwanza juu ya maporomoko ya Gogo katika Mto Kuja, Kaunti ya Migori. Hapo palijengwa katika miaka ya 1950 kituo kidogo cha umeme, chenye nguvu ya megawati 2 hivi, kwa ajili ya mgodi wa Macalder. Nguvu ya maji yale hutokana na mambo mawili, yaani kimo ambacho maji huanguka, na wingi wa maji yapitayo kila sekunde.

Umeme nao ni vivyo hivyo. Msukumo wake, ulio mfano wa kimo, hupimwa kwa volti, kwa heshima ya Alessandro Volta wa Italia aliyetangaza betri yake mwaka 1800. Wingi wa mkondo hupimwa kwa ampea, kwa heshima ya Ampère wa Ufaransa. Volti zikizidishwa kwa ampea hupatikana wati, ndiyo nguvu yenyewe. Tena kila waya na kila taa huuzuia mkondo kwa kiasi fulani, na kizuizi hicho hupimwa kwa omu. Mwaka 1827 Georg Ohm wa Ujerumani alichapisha kanuni yake: volti zikigawanywa kwa omu, jibu ni ampea.

CHANZO KISHIKACHO VOLTI

Betri ya gari ni mfano wa tangi kubwa la maji lililowekwa juu ya mnara. Bomba moja likifunguliwa, au matano, kimo cha maji hakibadiliki sana. Kadhalika betri nzima hushika volti 12 na zaidi kidogo, na ampea zitokazo hutegemea kile kilichofungwa. Taa yenye omu 12 itavuta ampea 1. Zikifungwa taa mbili kama hiyo, kila moja kwa waya zake, zitavuta ampea 2, na volti zitabaki karibu zilezile.

Hapo ndipo ilipo hatari. Spana ikianguka juu ya vichwa viwili vya betri, kizuizi huwa karibu hakuna, wala betri haina huruma. Kinachobaki kuuzuia mkondo ni kizuizi kilichomo ndani ya betri yenyewe, nacho katika betri kubwa chaweza kuwa sehemu moja tu ya mia ya omu. Volti 12 zikigawanywa kwa kiasi hicho, jibu ni ampea 1,200. Mkondo huo huyeyusha waya na kuwasha moto kwa muda mfupi sana. Kwa sababu hiyo fyuzi huwekwa karibu kabisa na kichwa cha betri, wala si kwenye mwisho wa waya, maana shoti yaweza kutokea popote katikati.

Betri kavu za tochi, ambazo wengi huziita mawe, zina tabia hiyohiyo ila kwa udhaifu. Mawe manane ya volti 1.5 yakipangwa mfululizo hutoa volti 12, lakini hayawezi kuwasha injini ya gari. Kizuizi cha ndani yake ni kikubwa, na mara ampea nyingi zinapotakiwa, volti huanguka. Kwa hiyo kujua volti peke yake hakutoshi.

CHANZO KISHIKACHO AMPEA

Paneli ya jua ina tabia nyingine. Mfano wake ni chemchemi itoayo maji kwa kiasi chake, wala haiwezi kulazimishwa kutoa zaidi. Kiasi hicho huamuliwa na mwanga. Paneli ya wati 100, ya namna itumikayo kwa betri ya volti 12, hutoa kama ampea 5.5 kwenye jua kali, kwa volti 18 hivi. Ncha zake mbili zikigusanishwa, ampea hupanda kufika 6 tu, tofauti kabisa na betri. Zikiachwa wazi, hakuna mkondo, bali volti hupanda kupita 20.

Mawingu yakitanda, ampea hupungua kwa kadiri ya mwanga, lakini volti hushuka kidogo tu. Basi mtu apimaye volti peke yake asubuhi ya mawingu aweza kudhani paneli inafanya kazi vizuri, kumbe betri haipati kitu.

Tena vipande vya paneli vimeungwa mfululizo, na mkondo mmoja hupita katika vyote. Kivuli cha tawi la mwembe kikiangukia kipande kimoja, chaweza kupunguza mkondo wa sehemu kubwa ya paneli, kama vile jiwe moja liuzibavyo mfereji. Kwa hiyo paneli isafishwe, tena iwekwe mbali na kivuli.

KUUNGANISHA VIZURI

Paneli haijui betri imejaa lini. Huendelea kusukuma ampea zake. Ikifungwa moja kwa moja, maji ya betri huchemka na kutoa gesi ambayo cheche moja yaweza kuilipua. Kwa hiyo ni lazima chombo cha kudhibiti chaji kiwe katikati.

Taa za LED nazo zataka ampea zisizobadilika. Volti zikizidi kidogo tu, ampea zake huongezeka sana, na taa huungua. Taa nzuri ya mvuvi ina kifaa ndani kigeuzacho volti za betri kuwa mkondo wa kiasi kimoja. Taa ya bei rahisi isiyo na kifaa hicho haidumu.

Mwisho, betri mbili zisiunganishwe chanya kwa chanya na hasi kwa hasi ikiwa volti zake si sawa, wala nzee na mpya zisichanganywe. Kila moja hutaka kushika volti zake, nayo yenye nguvu humimina mkondo ndani ya dhaifu mpaka zote mbili ziharibike. Paneli mbili za namna moja zaweza kuunganishwa hivyo bila shida, na ampea zake hujumlishwa. Zikiungwa mfululizo, volti ndizo hujumlishwa, na paneli nyingi za namna hiyo zaweza kumwua mtu. Kazi hiyo aachiwe fundi mwenye leseni.