Santuri ya George Harrison iliyozua swali: Sauti ya mtambo ni mali ya nani?

MTU akiazima gitaa la mwenzake na kulipiga, hakuna atakayeuliza muziki huo ni wa nani. Ni wa aliyelipiga.

Lakini jibu halikuwa rahisi hivyo mwaka wa 1969, wakati George Harrison, mpiga gitaa wa kundi la The Beatles la Uingereza, alipotoa santuri iliyorekodiwa kwa mtambo ambao ni wanamuziki wachache mno waliojua kuutumia.

Santuri hiyo, Electronic Sound, ilitolewa nchini Uingereza mwezi Mei mwaka huo. Haina uimbaji, haina ngoma wala gitaa. Kila upande una kipande kimoja kirefu: “Under the Mersey Wall”, kinachokaribia dakika 19, na “No Time or Space”, kinachozidi dakika 25.

Anachokisikia msikilizaji ni mivumo, ngurumo, milio mithili ya ving’ora na miluzi inayopanda na kushuka bila mpigo maalumu.

Mtambo uliotoa sauti hizo ni sinthesaiza ya Moog, iliyopewa jina la mhandisi Robert Moog wa jimbo la New York, Marekani, aliyeanza kuiunda mwaka wa 1964. Haikufanana na vinanda vya elektroniki vinavyouzwa madukani siku hizi. Ilikuwa makabati yaliyojaa vifundo vya kuzungusha na matundu ya kuchomekea nyaya.

Sehemu moja ya mtambo huzalisha mtetemo wa umeme, ambao ndio chanzo cha sauti. Sehemu nyingine huuchuja mtetemo huo ili kupunguza ukali au uzito wake. Nyingine tena huamua iwapo sauti itaanza kwa ghafla au polepole, na jinsi itakavyofifia.

Ni juu ya mtumiaji kuziunganisha sehemu hizo kwa nyaya. Vitufe vinavyofanana na vya piano hutuma kiasi cha umeme kinachoamua sauti iwe ya juu au ya chini.

Moog ya wakati huo haikuwa na kumbukumbu yoyote. Nyaya zikishachomolewa, sauti nayo hutoweka, isipokuwa kama kulikuwa na kanda iliyokuwa ikirekodi. Kwa hivyo, kuiunda sauti yenyewe ilikuwa nusu ya utunzi. Hapa ndipo penye kiini cha mzozo uliofuata.

Miongoni mwa watu wachache walioumudu mtambo huo alikuwa Mmarekani Bernie Krause. Yeye na mwenzake, Paul Beaver, waliionyesha Moog kwa wanamuziki katika tamasha la Monterey, California, mwaka wa 1967. Mwaka uliofuata walitoa santuri ya kufafanua sauti za elektroniki.

Mnamo Novemba 1968, Harrison alikuwa jijini Los Angeles akisimamia kurekodiwa kwa albamu ya mwimbaji Jackie Lomax, naye Krause akaitwa kuipiga Moog.

Kwa mujibu wa Krause, kazi ilipokwisha Harrison alimwomba abaki ili amwonyeshe uwezo wa mtambo huo. Alifanya hivyo bila kujua kwamba kanda ilikuwa ikirekodi. Anasema kwamba baadaye, alipokwenda Uingereza kumsaidia Harrison kujifunza kuitumia Moog yake mwenyewe, alichezewa kanda hiyo na akaitambua kazi yake.

Kipande hicho ndicho “No Time or Space”. Mtunzi aliyetajwa ni Harrison. Maelezo ya jalada yalisema tu kwamba kilirekodiwa California kwa usaidizi wa Bernie Krause.

Maelezo ya upande wa pili yalitumia maneno hayo hayo kuhusu Rupert na Jostick, waliokuwa paka wa Harrison.

Upande huo mwingine haukuleta ubishi. Harrison aliurekodi Februari 1969 nyumbani kwake Esher, karibu na London, akijaribu vifundo na nyaya peke yake.

Anayemtetea Harrison anaweza kusema kwamba onyesho la mtambo si utunzi, na kwamba kuchagua cha kuhifadhi na kukipa umbo la santuri ni sanaa pia. Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, pale ambapo sauti hufa punde nyaya zinapochomolewa, ni vigumu kusema kwamba aliyezichomeka alikuwa msaidizi tu.

Santuri yenyewe haikupata wanunuzi wengi. Nchini Marekani ilifikia nafasi ya 191 pekee. Zapple, tawi la kampuni ya Apple ya The Beatles lililoanzishwa kwa ajili ya kazi za majaribio, lilitoa santuri mbili tu, hii ya Harrison na nyingine ya John Lennon na Yoko Ono, kisha likafungwa mwaka huo huo.

Lakini majaribio hayo hayakwenda bure. Moog ya Harrison ilipelekwa studio ya EMI jijini London, na sauti zake zinasikika katika albamu ya Abbey Road iliyotolewa Septemba 1969, ukiwemo wimbo wake “Here Comes the Sun”. Humo mtambo unautumikia wimbo, wala haujionyeshi wenyewe.

Harrison alifariki mwaka wa 2001. Krause aliuacha muziki wa studio na kujipatia sifa kwa kurekodi sauti za wanyama na misitu. Electronic Sound imetolewa upya mara kadhaa, ikiwemo mwaka wa 2014.

Swali lililozuka lingali hai. Leo programu za kompyuta huja na maelfu ya sauti zilizokwisha kuundwa na mafundi, na mwanamuziki hubonyeza kitufe kimoja tu. Aghalabu majina ya mafundi hao hayaonekani popote kwenye jalada.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Harrison anastahili sifa kwa kuthubutu. Krause naye alistahili zaidi ya kutajwa kwa maneno yale yale waliyotajwa nayo paka.