Diane Abbott na wapigakura wa Hackney

Wengi wetu tunaoishi Uingereza tunamjua Diane Abbott kwa matusi anayotupiwa kuliko kwa kazi aliyoifanya. Hilo linaniudhi, kwa hiyo tuanzie kwenye namna alivyoingia bungeni.

Alizaliwa London mwaka 1953. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mama muuguzi, wote kutoka Jamaika. Alisoma historia Cambridge, lakini shahada haikumpa ubunge. Katika siasa za huku mtihani mkubwa uko ndani ya chama, kwenye kura za wanachama za kumteua mgombea: ukishapitishwa katika jimbo ambalo ni ngome ya chama chako, uchaguzi mkuu ni kumalizia tu. Miaka ya 1980 wanachama weusi wa chama chake cha Labour walidai kitengo chao rasmi. Uongozi ukakataa, wao wakakomaa huko huko matawini. Ndipo wanachama wa jimbo la Hackney North and Stoke Newington walipomwacha mbunge wao wa zamani wakampitisha Abbott. Juni 1987 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuingia Bunge la Uingereza, akiingia na wabunge wapya wenzake Bernie Grant, Paul Boateng na Keith Vaz.

Alijua nani aliyempeleka, ndiyo maana hakuwaogopa wakubwa wa chama. Mwaka 2008 serikali ya Labour ilitaka mshukiwa wa ugaidi aweze kushikiliwa siku 42 bila kufunguliwa mashtaka. Abbott alisimama akaipinga serikali ya chama chake mwenyewe. Kifungu hicho kilipita kwa tofauti ya kura 9, kisha Baraza la Malodi likakikataa. Hotuba yake ilipewa tuzo na jarida la Spectator, ambalo ni la mrengo wa kulia.

Machi 2024, Bunge lilikuwa likizungumzia matamshi machafu ya mfadhili mmoja wa chama cha Conservative dhidi yake. Mbunge anayetaka kusema huinuka ili Spika amwone. Abbott aliinuka zaidi ya mara 40, hakuitwa hata mara moja. Wakati huo Labour ilikuwa imemsimamisha kwa barua yake ya 2023 kuhusu ubaguzi. Barua ile ilikosea kweli, naye aliomba radhi. Julai 2024 Hackney ilimrudisha, akawa Mama wa Bunge, mbunge mwanamke aliyetumikia mfululizo kwa muda mrefu kuliko wenzake wote.

Nguvu hiyo ya kura hata wewe unaweza kuwa nayo: Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda anayeishi Uingereza kihalali anaweza kupiga kura ya ubunge hata bila pasipoti ya huku, kwa kuwa nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola. Kama hujajiandikisha, jiandikishe wiki hii.