Je, Pande Hizi Tatu Zaweza Kukutana?

Tuseme kikundi chenu kimechanga pesa za kununua ploti ya pembe tatu karibu na soko la Oyugis. Kwenye mapatano muuzaji ameandika: upande wa barabara futi 100, wa pili futi 60, wa tatu futi 30. Kabla mwekahazina hajafungua sanduku, fanyeni hesabu hii.

Kanuni: jumlisheni pande mbili fupi. Jumla ni lazima izidi upande mrefu.

60 + 30 = 90. Haifiki 100! Basi ploti kama hiyo haiko popote duniani. Kipimo kimoja au zaidi kina makosa.

Kwa nini? Njia fupi kutoka kona hadi kona ni ile iliyonyooka. Anayezungukia kona ya tatu lazima atembee zaidi. Euclid wa Alexandria, Misri, aliithibitisha kanuni hii miaka 300 hivi kabla ya Kristo. Wengine wakaicheka, ati hata punda aijua: akiona majani huenda moja kwa moja.

Na jumla ikiwa sawa? Mfano 70, 30 na 100. Pande mbili zinalala juu ya ule mrefu. Ndani hapana nafasi hata ya mche mmoja.

Fundi wa paa naye aikumbuke. Nyumba ina upana wa futi 20:

- Mbao mbili za mteremko za futi 9 hazitakutana juu.
- Za futi 10 zitalala bapa, na maji ya mvua hayatateremka.
- Za futi 12 zitakutana, kama futi 6 na nusu juu ya ukuta.

Pimeni kabla ya kukata, maana mbao iliyokatwa hairefuki.

Lakini angalieni, wanavikundi: kupita mtihani huu si kusema vipimo ni vya kweli. 100, 60 na 50 zaweza kukutana, na bado yule wa 50 ukawa 45 tu pale shambani. Kwa hivyo chukueni futi kamba, mzunguke mipaka pamoja na majirani, mwulize ofisi ya ardhi, na mkiwa na shaka mwite mpimaji.

Mkutano ujao, kateni vijiti vya urefu mbalimbali, kila mmoja ajaribu. Hata asiyejua kusoma ataona mwenyewe.