Mabati Yaliyoshuka Siyo Yaliyoagizwa

Ugomvi baina ya mwenye nyumba na fundi aghalabu hauanzii katika kazi yenyewe. Huanza siku lori linapopakua vifaa. Mwenye nyumba aliagiza mabati ya geji 28, yaliyoshuka ni ya geji 30. Fundi asema ndivyo alivyoambiwa. Mwenye duka asema ameuza alichoombwa. Mama wa nyumba, aliyesimama uani kupokea mzigo, hakuwahi kuelezwa kwamba bati lina geji. Jioni hiyo kila mmoja ana maneno yake, wala hakuna mwenye karatasi.

Katika jiji la Kigali, jamaa za askari zimo hatarini zaidi kufikwa na kisa cha namna hii. Tangu mwaka 2004, walipokwenda Darfur, wanajeshi wa Rwanda, na baadaye polisi pia, wametumwa katika nchi nyingi: Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati na, kuanzia Julai 2021, Cabo Delgado kule Msumbiji. Baba akiwa mbali, nyumba ya Kanombe au Kimironko hutengenezwa kwa simu. Fedha ni akiba ya kazi yake ya ugenini, au ni mkopo wa Zigama CSS, chama cha akiba na mikopo kilichoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya watu wa vikosi. Agizo hutoka kwake likafika kwa mkewe, kutoka kwa mkewe likafika kwa fundi, na kwa fundi likaishia dukani Gisozi au Nyabugogo. Neno lililopita katika vinywa vinne si ajabu likafika limegeuka.

Geji yenyewe hupotosha hata mtu mwangalifu. Tarakimu ikiwa kubwa, bati huwa jembamba. Geji 28 hukaribia unene wa milimita 0.4, na geji 30 hukaribia milimita 0.3. Asiyejua hudhani kwamba 30 imezidi 28, hivyo akiletewa huona amependelewa! Kwa macho bati hizo mbili hufanana. Tofauti huonekana fundi akanyagapo paa, au mvua ya mawe inapopiga.

Vigae vya sakafuni, ambavyo mafundi wa Kigali huviita makaro, vina mtego wa namna nyingine. Chumba cha mita 4 kwa mita 3.5 kina mita za mraba 14. Kigae cha sentimita 40 kwa 40 hufunika mita ya mraba 0.16, kwa hiyo vinatakiwa 88. Na kwa kuwa vingine hukatwa pembeni au huvunjika, huongezwa sehemu moja ya kumi, vikawa kama 97. Fundi aliyesahau nyongeza hiyo hurudi dukani baada ya wiki mbili, akaletewa vigae vya jina lile lile lakini vilivyotengenezwa siku nyingine, na rangi yake ikapishana kidogo na ya kwanza. Kwa hiyo yafaa namba ya toleo iliyochapwa juu ya boksi isomwe, nayo iwe moja kwa maboksi yote.

Kosa likishatokea, jambo la kwanza si kupandisha sauti bali ni kutafuta mahali agizo lilipopotokea. Karatasi tatu huonyesha: ile iliyoandikwa maagizo, risiti ya duka, na hati ya kupokea mzigo. Kama karatasi ya maagizo yasema geji 30, kosa ni la mwenye nyumba, hata kama moyoni alikusudia 28, naye fundi anadai ujira wake kwa haki. Kama maagizo yasema 28 na risiti yasema 30, fundi ndiye aliyenunua kinyume cha alivyotumwa. Kama zote mbili zasema 28, basi duka ndilo lililopakia siyo, na mwenye nyumba na fundi wako upande mmoja, ingawa mara nyingi huwa wamekwisha kutukanana kabla ya kulitambua hilo.

Risiti itazamwe pia ni ya jina la nani. Tangu Mamlaka ya Mapato ya Rwanda ilipoanzisha mashine za kutoa risiti kwa umeme mwaka 2013, mauzo huacha alama isiyofutika upesi. Risiti yenye jina la fundi peke yake humfanya mwenye nyumba kuwa mgeni mbele ya mwenye duka. Na pale ambapo fundi amekubali kazi yote kwa bei moja, vifaa na ujira pamoja, kosa la ununuzi humwangukia yeye, kwa maana yeye ndiye aliyeahidi nyumba iliyokamilika.

Jambo la pili ni kusimamisha kazi papo hapo. Bati lililopigwa msumari halirudi dukani, na kigae kilichokatwa vivyo hivyo. Anayeviona vifaa kwamba sivyo, akanyamaza vikatumika, atapata taabu kuwashawishi watu baadaye kwamba hakuridhika. Lakini hapa ndipo penye uchungu: familia nyingi hunyamaza si kwa kutojua, bali kwa sababu paa limekwisha kuezuliwa na mawingu yamekaribia. Mvua za Kigali hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, tena kuanzia Septemba hadi Desemba. Mama mwenye watoto chini ya turubai hawezi kubishana juu ya milimita. Kwa hiyo paa la zamani lisiguswe mpaka mabati mapya yamehesabiwa uani na geji yake imesomwa, hata kama makarani-ngufu waliopakua mzigo wanaharakisha wapate kulipwa waende zao. (Paa la asbesto, ambalo bado lipo katika baadhi ya majumba ya zamani, si kazi ya fundi wa kawaida kabisa, huondolewa na waliofundishwa.)

Mapatano yenyewe si lazima yawe ya kushinda na kushindwa. Duka laweza kubadilisha mzigo, aliyekosea akalipa gari la kurudisha. Mabati membamba yaweza kuezeka jiko na stoo, fundi akatoa tofauti ya bei kwa ya nyumba kubwa. Saruji haingoji, maana ikipata unyevu huganda mfukoni. Milango na madirisha ya chuma yaliyochomelewa kwa kipimo hayana mnunuzi mwingine. Ndiyo sababu yafaa mchomeleaji mwenyewe ashike futi akapime tundu la ukuta, asiletewe vipimo kwa mdomo.

Liko jambo moja ambalo watu wa vikosi hawana budi kulitazama kwa makini. Kumwita fundi kambini, au kumwendea na magwanda ili aogope, si kutafuta haki. Kununua bati lisilo lake ni kuvunja mapatano, wala si jinai. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 1975, wakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza ahadi ya mkataba. Fundi aliyekula fedha kwa hila ni habari nyingine, na huyo hupelekwa kwa wapelelezi wa RIB. Sheria ya mikataba ya Rwanda ya mwaka 2011 yataka mapatano yatekelezwe kwa nia njema, na nia njema hudaiwa kwa pande zote mbili.

Wakishindwa kuelewana, na viongozi wa mudugudu wakishindwa kuwasuluhisha, wako Abunzi, wapatanishi waliowekwa kwa sheria tangu mwaka 2004 katika kila akagari. Hawatozi ada. Wahusika wasipoafikiana juu ya watakaowasikiliza, kila upande huchagua mpatanishi mmoja, na hao wawili humchagua wa tatu. Madai ambayo thamani yake haivuki kiwango cha sheria hayapokelewi mahakamani kabla ya kupita kwao. Asiyeridhika hukata rufani kwa Abunzi wa umurenge, na baada ya hapo Mahakama ya Mwanzo. Aendaye kwao achukue zile karatasi tatu, ujumbe wa simu uliobeba agizo, na bati moja lisilotobolewa.