Pointi za mwaka mzima ao jibu la mwisho?

Huko Musienene, kwenye barabara ya Butembo-Lubero, mzazi akipokea buletini ya mtoto anaangalia kwanza asilimia, pale chini kabisa. Lakini pale juu ndiko kuna habari. Katika sekondari, kila semesta iko na periodi mbili za kazi za kila siku, kisha egzame. Somo la pointi 10 kwa periodi linapewa 20 kwa egzame: nusu inatoka kwa kazi ya darasani, nusu kwa egzame.

Kwa hiyo mtoto aliyekimbia vita na kukosa periodi moja anapoteza robo ya pointi za semesta, hata kama somo analijua. Mwalimu akikubali kumpa kazi za kurudilia, robo hiyo inaokoleka. Wazazi waombe mapema, si siku ya proklamasio!

Examen d'État, iliyoanza mwaka 1967, inapima kwa njia ingine. Ukiacha disertasio, na vitendo kwa opsio kama pedagojia, kazi kubwa ni kuchagua jibu. Kwa hesabu, finaliste anaweza kufuata hatua zote sawasawa, akakosea kutoa moja pale mwishoni: anapata zero, sawa na mwenye hakuelewa kitu. Darasani mwalimu angemupa nusu. Na yule aliyebahatisha, hakuna wa kumuuliza amefikaje.

Mwalimu anayezoeza finaliste kuchagua majibu tu, tangu mwezi wa kenda, anawaumiza. Wakifika chuo kikuu, kama UCG ya Butembo, wataombwa kuonyesha hatua.